Mwendee Aliyenyamaza

Naw Ler Wah alikuwa na mikono mikubwa kama ya mwanamume mkata mianzi, na alipokuwa msichana aliionea haya, akiificha ndani ya shali kanisani. Vita vilipofika kwetu, kwenye milima ya Wakareni kando ya mto Salween, haya ile ikamwisha. Alikwenda kusomea uganga wa jeshi msituni. Alirudi akijua kuziba tundu la risasi kifuani kwa kipande cha plastiki, na kumburuta mtu mzito kuliko yeye kwa mikanda ya begi lake mwenyewe. Akapigana vita vya kuokoa watu misimu kadhaa, kisha wakubwa wakamrudisha kambini afundishe wengine. Mimi nilikuwa mbeba machela, ndiko nilikomjulia.

Darasa lake lilikuwa banda la mianzi kando ya kijito. Damu tulitengeneza wenyewe: maji ya wali yaliyokolezwa mate ya tambuu, na hakuna aliyethubutu kuuliza mate ni ya nani. Somo la kufunga mkanda wa kubana damu alilifundishia paja lake mwenyewe. "Kaza," alimwambia mwanafunzi. "Zungusha kijiti. Kaza tena. Mpaka nikutukane." Machozi yalimtoka, na mwanafunzi akalegeza kijiti. "Ukimwonea mtu huruma hapa, damu yake itakwisha. Kaza!"

Majeruhi wa kuigiza walikuwa askari waliokuwa mapumzikoni. Hodari wao alikuwa Kaw Thay, kijana mrefu mwenye pengo la jino, mtoto wa pekee wa mjane mmoja wa kijiji cha jirani. Siku moja alilala matopeni amejimwagia ndoo nzima ya mate yale, akipiga mayowe bonde zima likasikia.

"Thramu! Mwalimu wangu! Nakufa mimi! Mwambieni mama asiuze nguruwe wangu!"

Wanafunzi wote wakamkimbilia. Ler Wah akapuliza filimbi.

"Rudini! Mtu ana pumzi ya kutaja nguruwe, mnamkimbilia ya nini? Yule kule aliyelala kimya nani kamtazama? Anayelia bado yupo. Mwendeeni aliyenyamaza."

Akamruka Kaw Thay kama anaruka gogo, akaenda.

"Ala! Huyu dada ana roho ya jiwe," Kaw Thay akalalamika kutoka matopeni. "Nikimwoa si ataniruka hivihivi?"

"Nani kakwambia utanioa?"

"Si umeshaniruka? Kwetu ukimruka mwanamume, umemposa."

"Kwenu wapi, mwongo wee! Kwenu na kwa shangazi yangu ni ua mmoja."

Wakaoana baada ya mavuno. Mama yake Kaw Thay, Mu Dah, alichinja nguruwe yuleyule, tukala mpaka mafuta yakatiririka viwikoni.

Mwaka uliofuata vita vilitukazia. Waganga walipungua, na Ler Wah akaomba kurudi mstari wa mbele. Wakampangia kikosi cha mumewe. Watu walinong'ona kwamba si vyema mke kumtibu mume, lakini mganga mwingine alitoka wapi?

Ilikuwa asubuhi, ukungu haujaisha. Sisi wenye machela tulikuwa chini kidogo ya kilele, tukimteremsha askari aliyevunjika mkono. Kombora la kwanza lilipita. La pili likaanguka ndani ya handaki la juu. Nikasikia sauti ya Kaw Thay. Haikuwa ile ya matopeni.

"Ler Wah! Ler Wah!"

Ler Wah aliposogea kwa tumbo hadi handakini, aliwakuta wawili chini. Mumewe alikuwa amejikunja, ameshika tumbo, anamwita. Mbele yake alilala askari mmoja aitwaye Nay Gay, kimya, uso umepauka, paja limechanika na damu inaruka. Mengine alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Alisema miguu ilikwenda kabla ya moyo kukubali. Alimpita mumewe. Kaw Thay alimshika pindo la suruali, naye Ler Wah akalichomoa.

Alimfunga Nay Gay mkanda, akazungusha kijiti, akakaza. Akajaza bendeji kwenye jeraha, akalikandamiza kwa uzito wake wote mpaka damu ikasimama. Nyuma yake jina lake liliitwa, likaitwa tena, kisha likawa linaitwa kwa sauti ya chini. Ndipo akageuka.

Tumbo la Kaw Thay lilikuwa limekuwa gumu kama ubao. Kitundu cha nje kilikuwa kidogo, mtu angeweza kukifunika kwa kidole gumba. Damu ilikuwa inakwenda ndani, mahali pasipofungika mkanda. Alimtundikia dripu, akamfunika, akatuita. Nilipofika na mianzi ya machela, Kaw Thay alikuwa anamtazama mkewe.

"Leo siigizi," alimwambia.

"Najua, baba. Najua."

Tulimbeba tukishuka, Ler Wah akikimbia kando ameinua dripu. Kabla hatujavuka kijito akaniambia, "Kaka, mshusheni." Tukamshusha.

Daktari wa hospitali ya msituni alimwambia wazi kwamba hata angemwendea mumewe kwanza, asingepona, na Nay Gay naye angekufa.

"Hayo nayafundisha mimi, daktari," Ler Wah akajibu. "Lakini angekufa nimemshika mkono."

Alikwenda mwenyewe kumpa mama mkwe habari, na hakuficha kitu. Mu Dah alisikiliza, akaingia ndani, na tangu hapo hakumsemesha. Ler Wah hakuondoka. Alipika, alichota maji, alitwanga pilipili na samaki wa kuchachushwa. Mama alikula bila kuinua macho. Nay Gay alipopata gongo la kutembelea, mguu mmoja umekatwa, alipanda ngazi ya nyumba ile na jogoo kwapani. Mu Dah akamwambia, "Kuku wako mpe aliyekuchagua," akamgeuzia mgongo. Nay Gay akalia pale ngazini, mtu mzima, na jogoo akamponyoka.

Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha mama alipofungua mdomo. Walikuwa wanamenya machipukizi ya mianzi.

"Alikuita?"

Ler Wah angeweza kusema kwamba Kaw Thay alimwambia nenda, mwokoe mwenzangu. Mama angeamini, maana kijana alikuwa na moyo huo.

"Aliniita, mama."

"Sana?"

"Sana."

Mu Dah akaweka kisu chini. "Mimi ningekwenda kwake."

"Ndiyo, mama."

"Watu wote wangekufa, mimi ningekwenda kwake."

"Najua, mama."

Walilia pale pale, kila mmoja upande wake wa ungo, hakuna aliyemgusa mwenzake.

Kiangazi ndege zilichoma kijiji. Miguu ya Mu Dah ilikuwa imevimba, hakuweza kukimbia, na Ler Wah alimbeba mgongoni hadi mtoni, akavuka naye kwenda kambi ya wakimbizi. Wanaishi huko mpaka sasa, chumba kimoja. Wanasemeshana mambo ya chumvi na kuni. Kaburi la Kaw Thay liko ng'ambo, na hakuna aliyeweza kurudi kulipalilia.