Kitabu cha Tano

Domo langu ndilo lililoanzisha ugomvi, na mwiko wangu ndio uliomng'oa kaka yangu jino. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunionea huruma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe, Rwanda. Kaka yangu alibaki ng'ambo ya mpaka, Bukavu, kwenye nyumba ya wazazi wetu. Mbali na damu, kilichotuunganisha ni riwaya moja ndefu ya Kifaransa ya vita vya angani, vitabu kumi na viwili, kila kimoja kinene kama tofali. Nahodha mmoja na chombo chake wanapigana na sayari nzima. Watu wanachomwa, wanakatwa vipande, wanatupwa nje kusiko na hewa. Tuliipenda kupita kiasi.

Sikuipata dukani. Huku Rwanda mifuko ya plastiki ni marufuku, kwa hiyo muuza karanga anafungia karanga zake kwenye karatasi, na karatasi nyingi huvushwa mpakani na akina mama wanaofanya biashara na Bukavu: madaftari, magazeti, vitabu vya watu waliohama. Mama mmoja muuza karanga pale sokoni ndiye aliyekuwa ananiwekea vitabu hivyo. Nikichelewa, anachana. Siku moja nilimkuta ameshachana karatasi ya kitabu cha pili, nikamkimbilia mteja aliyefungiwa nayo mpaka kwenye pikipiki, nikamnyang'anya karanga mkononi. "Weye mama uko na wazimu!" mteja akanipigia kelele. Nikazimwaga karanga zake kwenye kofia yake, nikaondoka na ukurasa wangu.

Basi nilisoma kama vilivyokuja. Nilianza na cha saba, kikaja cha pili, cha tisa, cha kwanza, ovyo ovyo. Nikimaliza, namtumia kaka kupitia akina mama walewale. Yeye? Hagusi cha tatu kabla ya cha pili. Alisoma cha kwanza mpaka cha nne, cha tano kikakosekana, akakaa. Vya mbele alivipanga kwenye kabati vikiwa vimefungwa, miaka na miaka. Mimi alinicheka. "Unasoma kama mbuzi," alikuwa ananiambia. "Hapa jani, pale nguo ya muntu."

Jumapili moja akaja kwangu kula, ametoka kanisani na shati jeupe. Akaanza tena habari za mbuzi. Siku hiyo damu ilinichemka. Nikamwambia, "Kaa na foleni yako! Nahodha wako anakufa kitabu cha tisa. Dada yake anampiga risasi ya mdomo."

Akapiga meza teke. Sambaza, dagaa wetu wa ziwani, zikaruka mpaka ukutani. Akanishika mkono akaupinda nyuma, nikasikia bega linalia, na mkono uliobaki ukakutana na mwiko wa ugali. Nilimpiga nao mdomoni kwa nguvu zangu zote. Damu ikashuka kwenye lile shati. Alitema jino kiganjani, akalitazama, akatoka bila kufunga mlango.

Miaka miwili hatukuongea.

Katikati ya miaka hiyo kikaja kitabu cha kumi. Nilikifungua nimesimama palepale kwa mama wa karanga. Ukurasa wa thelathini, nahodha anafumbua macho. Loo! Hakufa. Alijeruhiwa tu, na mimi kwa kusoma cha tisa bila cha kumi nilikuwa nimemzika mtu aliye hai. Jino la kaka yangu lilikuwa limeng'oka kwa jambo ambalo halikutokea. Simu ilikuwa mfukoni. Ningempigia palepale, nikasema nimekosea, basi. Kiburi kikanikaba. Nilikifunga kitabu kwenye kitambaa, nikampa mama mmoja anayevuka, bila salamu, bila neno.

Kisha vita vikaingia Bukavu kwa risasi. Zilisikika huku kwetu, watu wamesimama barabarani wanatazama ng'ambo. Kitabu cha tano kilikuwa chini ya cherehani yangu, kimefika wiki moja kabla. Sikukituma. Nilitaka kumpelekea mwenyewe, nimwombe msamaha uso kwa uso. Nilipanga Jumamosi. Ijumaa risasi ikampata tumboni, ndani ya ua wake, akiwa ameshika ndoo. Majirani walimvusha kwenye mkokoteni, akalazwa hospitalini huku kwetu, upande wa Gihundwe.

Niliingia wodini na kitabu cha tano tu. Alikuwa wa rangi ya majivu, na pengo langu mdomoni. Hakunisalimu. Alitazama jalada, akasema, "Anza."

Nilisoma siku mbili. Siku ya pili daktari aliniita koridoni akaniambia niite ndugu, kwani hatafika mwisho wa wiki. Nilirudi kitandani kwake. Kwa hiyo atakufa akiamini nilichomwambia!

"Kaka, kile cha tisa..."

"Usiniambie kitu."

"Nilikosea, kaka. Nahodha haku..."

Akanizaba kofi. Kwa mkono wenye sindano ya maji. Sindano ikachomoka, damu ikanirukia shavuni na kwenye kitabu, nesi akaja mbio anatutukana wote wawili. Nesi aliporudisha sindano na kuondoka, kaka yangu alinigeukia.

"Najua hakufa," akasema. "Ile ya kumi uliituma bila salamu. Weye hautumi hata chumvi bila makelele. Nikajua iko kitu. Nikaifungua siku ileile."

"Uliruka? Weye?"

"Niliruka."

Akaanza kucheka, kicheko kikamuuma, akashika tumbo akinilaani. Mimi nalia, nambwatukia mgonjwa. "Sasa mbona haukunipigia?"

"Na weye mbona haukunipigia?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukuta.

"Soma," kaka akasema.

Kesho yake mchana tulikuwa sura ya kumi na moja. Chombo kinaungua, nahodha anapiga mlango kwa mabega, na mkono wa kaka uliokuwa gotini kwangu ukawa mzito. Nilijua. Nilisoma mpaka mwisho wa sura, kwa sauti ileile, ndipo nikamwita nesi.