Kope za Kaka Hermani

Kaka yangu Hermani ndiye mtu pekee wa kijiji chetu cha Tlawi niliyemjua aliyelipwa mshahara kwa kupiga kinyoya. Watu wa kwetu walicheka. Mwanaume mzima, wakasema, anaacha jembe anakwenda Arusha kurushiana manyoya ya bata. Hata baba alicheka, mpaka Hermani alipomwezekea nyumba kwa bati mwaka 1989.

Mpira wa vinyoya alijifunza kwenye ukumbi wa parokia, kwa bruda mmoja mgeni. Kiwanda kimoja cha Arusha kikamchukua: kwenye karatasi alikuwa karani wa stoo, lakini kazi yake hasa ilikuwa raketi. Siku zile kila shirika la umma lilitaka kombe kabatini. Kisha kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya akafuta timu ya mpira wa miguu, akafuta netiboli, akabakiza vinyoya kwa sababu na yeye aliupenda mchezo huo jioni. Sharti lake lilikuwa fupi: atakayeleta cheti cha daktari, achukue na barua yake ya kupunguzwa kazi.

Krismasi ya mwaka 1999 Hermani alikuja likizo, jicho la kushoto likitoka machozi. Nikajua mara moja. Bibi yetu alikufa kipofu kwa ugonjwa wa vikope, na mama alimng'oa kope miaka mingi, maana zikigeukia ndani hukwaruza jicho kama mchanga. Nikamlaza kaka mlangoni penye mwanga, kichwa chake mapajani kwangu, nikazing'oa moja moja kwa kibano. Akainuka anacheka. Nikajiona daktari.

Zikarudi. Muuguzi wa zahanati akaniambia kwamba kope iliyong'olewa huota fupi na ngumu, na hiyo hukwaruza zaidi. Akasema kambi ya macho inakuja misheni. Ni upasuaji mdogo, kisha bandeji siku chache. Hermani hakutaka hata kusikia habari ya bandeji.

"Ng'oa tu, Perpetua," alisema. "Wakiniona na kitambaa usoni mara moja tu, nimekwisha."

Nami nikang'oa. Nilinuna, nilinung'unika, lakini niling'oa, kila likizo, miaka mitatu. Pasaka moja akajigonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango aliouzoea tangu utoto. Mwaka uliofuata nikamwekea chai upande huohuo, akaniuliza kama leo hatunywi chai. Nikakisogeza kikombe kulia, nikanyamaza. Sijajisamehe kwa kunyamaza kule.

Mwaka 2003, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, kukawa na mashindano Babati. Nikaenda kumtazama. Alikuwa akicheza pamoja na Judica, binti wa kutoka Endagikot, mwepesi wa miguu, aliyeajiriwa kiwandani mwaka uleule. Kabla hawajaanza binti alinijia, akaniamkia shikamoo, akasimama anazungusha raketi yake.

"Dada," akasema, "kaka Hermani ananikaripia kila nikisimama kushoto kwake. Nimemkosea nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Lakini ng'ambo ya wavu Hermani alikuwa ananitazama, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho la kulia linifikie. Nikaogopa kumwachisha kazi kwa mdomo wangu. Nikamwambia Judica hajakosea kitu, Hermani ana hasira za uzee tu. Akacheka, akaenda zake.

Walikuwa wanaongoza. Kinyoya kikapanda juu sana, kikaja kati yao. Judica akarudi nyuma kukifuata, akatokea kushoto. Hermani akapiga kwa nguvu zake zote.

Niliusikia ule mlio, na haukuwa wa kinyoya. Judica alikuwa amepiga magoti, mikono usoni, damu ikipita katikati ya vidole.

Kaka yangu alikuwa bado anatazama juu. Kisha akageukia kulia, ambako hakukuwa na mtu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Judica, nimegonga nini?"