Orodha ya Mitaa ya Mwantum

Mwaka 1995 Mwantum, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, aliandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya mtaa wa Rohero iliyosajili watu waliopotezana na jamaa zao vitani. Aliandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, pamoja na mchumba wake, Uthmani.

Mambo yaliyotegemewa na programu nzima waliyaweka juu kabisa ya maandishi yake. Mojawapo lilikuwa orodha ya mitaa ya mji. Mwantum aliitangaza kuwa const, yaani ijazwe palepale inapotangazwa, kabla programu haijaanza kazi, kisha isibadilishwe tena na sehemu yoyote.

Uthmani alitaka isomwe kutoka faili la pembeni kila programu inapowashwa. Alipojaribu kuijaza hivyo, mashine ilikataa: thamani za hapo lazima zijulikane mapema.

"Umeona?" Mwantum alicheka. "Mashine iko upande wangu."

"Mashine haijui mji huu wa Buja. Watu wanakimbia kila siku. Mitaa gani itabaki vile?"

"Watu ndiyo wanakimbia. Mitaa apana."

Walibishana siku mbili, mwishowe orodha ya Mwantum ikabaki.

Wiki iliyofuata risasi zilizidi mtaa wa Kamenge, alikoishi mama yake Uthmani. Saa nne asubuhi Uthmani alimaliza chai yake akasimama.

"Mi naenda kumutoa mama. Adhuhuri niko hapa."

Hakurudi.

Watu waliofika kujiandikisha sasa walitaja kambi mpya za waliokimbia, ambazo hazikuwamo katika orodha, na programu ikawakataa mmoja mmoja. Mwantum akaifuta orodha ile, akaandika upya kama Uthmani alivyotaka. Ilimchukua asubuhi moja tu. Alilia huku anaandika. Alikuwa ameshindwa ubishi, na wa kumwambia hayupo.

Miezi miwili baadaye mwanamke aliyekonda aliketi mbele yake. Mama Uthmani! Alikuwa amekimbia Kamenge alfajiri ya siku ile ile Uthmani alipomfuata, mwanawe hata hajafika kazini.

"Mama, yeye alikuja kukutafuta."

"Mi sikumuona, mwanangu. Andika jina yake."

Mwantum aliliandika. Palipoulizwa alionekana wapi mara ya mwisho, akaandika: Rohero, ofisini, mbele yangu.

Uthmani hakupatikana. Mama yule alihamia kwa Mwantum, Buyenzi, wakazeeka pamoja. Jirani wakiuliza huyu ni nani wako, Mwantum, ambaye hakuolewa kamwe, alijibu, "Mama mkwe."