Kamba ya Kuzima Injini

Mdogo wangu alikuja Kaniha kutoka kwetu Mugoma, wilayani Ngara, akiwa na sharti moja, na alilitamka baada ya kula, kama ilivyo desturi ya nyumbani kwetu, ambako jambo zito haliwekwi mezani pamoja na chakula. Alitaka nifunge kwenye pikipiki yangu ya magurudumu manne kifaa cha kuzima injini pindi mpandaji anapoanguka. Nisipofanya hivyo, niiuze, nirudi Mugoma kwenye chumba ambacho mke wake alikuwa ameshakipaka chokaa. Hakupaza sauti.

"Kaka," aliniambia, "ukifia huku, sisi tutaambiwa na nani?"

Nilizungumzia kifaa.

Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kilatini na Kiswahili katika seminari, nikahamia Kaniha, wilayani Biharamulo, kwenye shamba ambalo mimi na marehemu mke wangu tulilinunua tukiwa bado na nguvu. Tulikusudia kuzeeka pale wawili. Kwetu Ngara nyumba hukaa ndani ya migomba, moja karibu na nyingine kiasi kwamba jirani hujua unapika nini. Kaniha, miji ya wafugaji waliotoka Shinyanga na Mwanza, kila mmoja na zizi lake, imeachana, na kati ya mji na mji kuna mihogo, vichaka na malisho. Mke wangu alikuwa mwepesi wa kujifunza salamu za Kisukuma, akawa na watu wa kutembelea. Mimi nilibaki na Kiswahili changu cha darasani, ambacho majirani walikijibu kwa heshima na kwa ufupi. Alipofariki, heshima ilibaki vilevile, ufupi ukazidi. Hata hivyo sikutaka kuondoka. Katika nyumba ile nilikuwa mwenyeji. Katika chumba kilichopakwa chokaa ningekuwa mgeni asiye na siku ya kuaga.

Pikipiki yenyewe niliinunua kwenye mnada wa vifaa vya mradi mmoja uliofungwa. Nyonga yangu ya kushoto ni dhaifu, haiwezi kushikilia chombo cha magurudumu mawili kinapoinama, lakini kile chenye manne husimama chenyewe. Watu wa Kaniha hawakuwahi kukiita pikipiki. Walikiita kitanda, kwa kuwa kina miguu minne na mzee juu yake, na mwenye duka wa njia panda alizoea kuniuliza kama shuka nimeliacha nyumbani. Nilikitumia hasa kuchotea maji. Kisima kiko ng'ambo ya korongo, na madumu yaliyojaa yalikuwa yamezidi uwezo wa nyonga yangu.

Ni kwenye korongo hilo nilikoanguka mara ya kwanza. Chombo kilipinduka kwa ubavu kikanibana mguu, na kwa kuwa kitufe cha kuongezea mafuta kilikuwa kimekwama kwa tope, gurudumu la nyuma liliendelea kuzunguka, likila mpira wa buti na hatimaye nyama ya shavu la mguu. Injini ilipiga kelele mahali pamoja mpaka akaja jirani yangu wa karibu, mama wa makamo ambaye mji wake uko juu ya ukingo wa pili. Aligeuza ufunguo, akaninasua, akanifunga jeraha kwa kitambaa cha kichwani mwake, akarudi kwenye kazi zake bila maneno mengi. Kovu la jeraha hilo ndilo lililomleta mdogo wangu.

Fundi wa Biharamulo mjini alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi hulifanya kwa nadra. Kisha akasema kwamba kifaa hicho anakijua: wavuvi wa ziwani huwa nacho kwenye injini za mitumbwi, ili mtu akitumbukia, mtumbwi usimzungukie na kumkata kwa propela. Aliagiza kimoja kwa dereva wa lori la samaki. Kilipofika alinipigia simu na kuniambia nije na mtu wa nyumbani, kwa sababu kazi ile ilihitaji watu wawili upande wangu.

"Mtu wa nyumbani ndiye mimi," nilimjibu.

"Basi njoo hivyohivyo, mwalimu. Tutajua la kufanya."

Ni kifaa kidogo. Kuna kitufe chekundu, na chini ya kichwa cha kitufe hicho huingizwa kibanio cha plastiki kinachokizuia kisirudi ndani. Kibanio kimeunganishwa na kamba iliyojikunja kama waya wa simu za mezani za zamani, na mwisho wa kamba hufungwa mkononi. Kibanio kikichomoka, kitufe hurudi ndani na kuunganisha nyaya mbili: moja inatoka kwenye kisanduku kinachopeleka moto wa plagi, nyingine inakwenda kwenye chuma cha bodi. Zikigusana, plagi haipati moto, na injini huzima. Niliusoma mchoro wa nyaya kama nilivyokuwa nikisoma sentensi ndefu ya Kilatini, nikitafuta kwanza kile ambacho vingine vyote vinakitegemea. Fundi alisubiri niridhike, ndipo akachuna nyaya, akaziunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akazizungushia tepu nyeusi na kukifunga kitufe upande wa kulia wa usukani.

Kilichotuchukua muda zaidi ni urefu wa kamba. Mvuvi husimama na kutembea mtumbwini, kwa hiyo kamba yake ni ndefu. Kwenye chombo changu mtu angeweza kulala chini kabisa kabla kibanio hakijachomoka. Lakini ikiwa fupi mno, injini ingezima kila nilipoinuka kwenye matuta. Fundi aliniketisha, akaniambia nisimame kwenye vikanyagio, niiname kama ninayepanda mteremko, nigeuke kutazama madumu nyuma. Kila mara alipima kwa kidole palipobaki. Kisha, kwa kuwa sikuja na mtu, yeye mwenyewe alinishika mkono na kunivuta taratibu pembeni, kama ninayeanguka, huku mkono wake mwingine ukinizuia mgongoni nisianguke kweli. Tulirudia hivyo mpaka kibanio kikachomoka pale hasa tulipotaka. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu anishike kwa jambo lolote zaidi ya salamu, na nilijikuta nikitamani urefu ule uendelee kutushinda.

Jioni hiyo, uani kwangu, niliwasha injini, nikavuta kamba. Kimya kilishuka mara moja, na ndani ya kimya hicho nililiona jambo ambalo mimi, mdogo wangu na fundi hatukulifikiria. Siku ya kwanza niliokolewa na kelele. Injini iliyokuwa ikinila mguu ndiyo hiyohiyo iliyoniitia mtu. Sasa nimeinunulia njia ya kunyamaza.

Hata hivyo nilimpigia mdogo wangu nikamwambia sharti limetimizwa, na hayo ya kelele sikuyataja.

Nilianguka tena mvua za vuli zilipoanza. Nilikuwa natoka kisimani, madumu yamejaa, na ukingo wa korongo ulikuwa umelainika. Gurudumu la nyuma liliteleza, nikahisi kamba ikinikaza mkononi kisha ikalegea. Injini ilizima kabla sijafika chini. Chombo kilinilalia pajani, lakini hakuna kilichozunguka, hakuna kilichokata; kifaa kilifanya sawasawa kile nilichoambiwa kitafanya. Nililala pale nikisikiliza maji yakitoka kwenye dumu lililopasuka. Simu ilikuwa mfukoni, lakini ndani ya korongo hakuna mtandao. Nilijaribu kukisukuma chombo, nyonga ikakataa. Kisha nikaita, na baada ya kuita mara kadhaa nilitambua kwamba nilikuwa naita kwa Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara, ambayo katika eneo lile lote aliyewahi kunijibu kwayo alikuwa mke wangu.

Nikaacha kuita. Mawingu yalikuwa yakikusanyika tena upande wa juu, na nilijua maji ya mvua hupita wapi.

Alikuja jirani yangu yuleyule, akiwa na mti mrefu begani, kama mtu aliyejua tangu nyumbani kwake atakachokuta. Alisimama ukingoni akanitazama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama," nilimjibu nikiwa chini.

"Leo kitanda ndicho kimekulalia."

Nilicheka mpaka paja likauma. Alipitisha mti chini ya bampa, akaegemea kwa uzito wake wote, nami nikajiburuta nje. Nilipokwisha kukaa nilimuuliza nani amemwambia. Alikuwa akitoa nyasi kwenye usukani, na alijibu bila kuacha.

"Siku za maji nakisikia. Kinashuka, kinapunguza hapa korongoni, kinapanda, kinafika kwako kinazimwa. Leo kimenyamaza kabla ya mahali pake."

Nilisema kwamba mtu mwenye kazi zake anaweza kusikia kelele, lakini sikuelewa kimya kingewezaje kumwinua.

"Ng'ombe wa kengele akinyamaza porini, unakaa?" aliniuliza. "Pengine amelala tu. Unakwenda kuangalia."

Kwa muda wote ule nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu anayepita pasipo kusikika na yeyote, kumbe kila safari yangu ya maji ilikuwa na msikilizaji anayeijua mwanzo na mwisho wake. Sikujua nimshukuru vipi. Nilimwambia asante, naye akaitikia, akachukua mti wake akaondoka kabla ya mvua.

Mdogo wangu nilimsimulia yote kwenye simu. Alisikiliza, akauliza juu ya paja, kisha akashusha sauti kwa namna ninayoijua tangu tukiwa watoto, pale anapojiandaa kukubali asilolipenda.

"Basi kaa," alisema. "Lakini siku huyo mama akihama, unarudi. Tumekubaliana?"

Nilikubali upesi. Mtu mwenye zizi lililojaa na mihogo shambani hakunijia akilini kama mtu wa kuhama.

Kiangazi kilichofuata malisho yalikwisha mapema. Jirani yangu alikuja kwangu asubuhi moja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaketi kibarazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mke wangu afariki. Alieleza kwamba mume wake amepata eneo upande wa Tabora, na kwamba ng'ombe wangetangulia wiki hiyohiyo. Niliuliza habari za barabara na za maji ya huko, naye akanijibu yote kwa utaratibu. Kisha akatazama chombo kilichokuwa kimeegeshwa ukutani.

"Sasa hicho atakisikiliza nani?"

"Nitakisikiliza mwenyewe."

"Ukiwa chini yake?"

Alinywa maji niliyompa, akaaga.

Ng'ombe walipita nyuma ya ua wangu alfajiri. Nilisimama nikisikiliza kengele zao mpaka sikuweza tena kutofautisha kama ninazisikia au ninazikumbuka. Siku ya maji ilipofika nilishuka korongoni, nikapanda, nikachota, nikarudi, nikazima injini uani, na hakuna lolote lililobadilika isipokuwa kwamba nilijua hakuna anayenisikiliza. Hakukuwa na mtu ambaye angempelekea mdogo wangu habari za kuhama kwa mama yule. Nilimpigia mwenyewe. Hakusema kwamba alinionya. Aliuliza tu kama Fuso ya kunihamisha itaweza kufika mpaka mlangoni.

Mugoma nimepokewa vizuri. Chumba ni kikavu, shemeji ananiwekea maji ya moto ya kuoga, na watu wananisalimia kwa lugha yangu. Chombo nacho kilipakiwa kwenye Fuso pamoja na vitabu, na mara mojamoja nakipanda kwenda kanisani au shambani kutazama kahawa. Kamba naifunga mkononi kila mara. Bodaboda hupita hapa kutwa nzima zikibeba ndizi, watu na mabati, na kelele ya chombo changu huingia katika kelele zao kama maji katika maji.

Jioni moja, nikiwa ndani ya migomba, mbali kidogo na ua, nilisimama nikavuta kamba. Injini ilizima. Nilikaa juu ya kiti cha chombo nikingoja, bila kujiambia ninangoja nini. Bodaboda moja ilipita barabarani, kisha nyingine. Kutoka nyumbani niliisikia redio ya mdogo wangu, nikasikia sahani zikipangwa. Hakuna aliyetoka, wala hapakuwa na sababu ya mtu kutoka.

Nilirudisha kibanio mahali pake, nikawasha, nikaingia uani. Mdogo wangu alikuwa mlangoni amesimama, ameshikilia taulo la kufutia mikono, kama mtu aliyeacha kazi ili asikilize.

"Kaka, kile kifaa bado kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi," nilimjibu, na tukaingia kula.