Jicho la Cuthbert na Mawimbi ya Jua

Mdogo wangu Cuthbert ana jicho moja tu linaloona. La kushoto lilichomwa na bua la mhindi akiwa na miaka sita, na aliyemtuma shambani siku ile ni mimi, Rosina, dada yake. Tangu hapo jicho la kulia nimelilinda kuliko yangu mawili. Sasa nielezeni, jamani: mtu wa jicho moja anachagua kazi gani? Kutazama jua!

Anafundisha fizikia sekondari kule Mbinga. Milimani ukungu haueleweki, kwa hiyo kila likizo ya Juni anateremka kwangu Chiwanda, kando ya ziwa, na darubini yake. Anaisimamisha mchangani nyuma ya jiko, anajifunika shuka jeusi kichwani, anainama. "Dada," aliniambia, "jua nalo lina hewa yake, na kwenye tabaka la chini la hewa hiyo kuna mawimbi. Palipo na doa jeusi, mwanga unaongezeka halafu unapungua, kila baada ya dakika tatu hivi. Ni wimbi linapanda kutoka chini." Miaka minne anaandika dakika hizo kwenye madaftari: saa ngapi limeng'aa, saa ngapi limefifia. Nikimuuliza zinasaidia nini, ananiambia nimpe chai.

Mimi kila akiinama pale naacha kazi nakwenda kumsimamia. Nilimwambia, wewe kichwa ngumu, ukipofuka nitakushika mkono mpaka lini? Akanionyesha kioo cha mbele ya darubini, kipana kama kisosi, kina rangi ya dhahabu inayogeuka bluu ukikiinamisha. "Hiki ndicho kinachozuia moto wa jua. Kikiwepo hiki, usiwe na wasiwasi." Nikakishika kioo kile kwa mikono miwili, nikamshukuru Mungu.

Sasa huku kwetu ufukweni, vyombo vya mgeni havikai vichafu. Tunavipeleka ziwani na kuvisugua kwa mchanga mpaka ujione uso. Jumapili moja Cuthbert alikwenda ibada ya kwanza, akakiacha kioo mezani. Nikakitazama. Zile rangi zilikuwa kama mafuta yanayoelea juu ya maji. Nikasema, kumbe! Ndiyo maana jana alilalamika kwamba haoni vizuri. Nikakitia kwenye beseni pamoja na masufuria, nikaenda nacho ziwani. Rangi ilikuwa bishi, lakini mimi na masizi tunajuana. Nilisugua mpaka kioo kikawa cheupe kabisa. Nikakirudisha mezani, nikakifunika kwa kitambaa, huku najisifu.

Alirudi mbiombio. Doa alilokuwa akilifuata lilikuwa limefika ukingoni mwa jua, kesho yake lingezungukia upande wa nyuma. Hata chai hakunywa. Alikifunga kioo kwenye darubini huku jicho lake liko kwenye saa, akaingia chini ya shuka. Mimi nilikuwa kwenye chanja nageuza usipa, hawa dagaa wetu, nikasikia mlio mdogo, ta! Kama glasi iliyomiminiwa maji ya moto. Ndani ya darubini kulikuwa na kioo kingine, chekundu, na hicho ndicho kilichopasuka kwa joto.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikimbia na mikono yenye magamba, nikalivuta shuka. Alikuwa amekaa mchangani, kiganja juu ya jicho.

"Dada, ni wewe?"

"Ni mimi. Unaniona?"

Akaondoa kiganja. Jicho lilikuwa zima, halina hata wekundu. "Naona kanga," akasema. "Mbona huna uso?"

Mungu wangu! Nilikojoa pale pale nilipokuwa nimesimama, sioni aibu kusema.

Tulipanda gari kwenda Mbinga. Njia nzima yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Daktari, mama mmoja mpole, alimmulika jicho kwa muda mrefu. Akauliza, "Mwalimu, kioo cha mbele ulikikagua?"

"Sikukikagua, daktari. Ni uzembe wangu mwenyewe."

Nami nilikuwepo pale, nimekaa kitako na mdomo wangu nimeufunga. Daktari akasema dawa hakuna. Katikati ya jicho pameungua. Huenda pakapona baada ya miezi, huenda pasipone.

Sasa tumerudi kwangu, na kila asubuhi ananiita nisimame mlangoni, penye mwanga. Anatazama.

"Masikio nayaona," anasema. "Mabega nayaona. Uso hakuna."

Wiki ya tatu nilishindwa. Nikiwa pale pale mlangoni nikamwambia, "Cuthbert, kioo nilikisugua mimi. Nilidhani ni uchafu."

Akauliza, "Kwa mchanga?"

"Kwa mchanga. Mpaka rangi ikaisha."

Nilimsubiri anitukane, na ningefurahi. Alinyoosha mkono akaja akipapasa hewa, akanigusa shavu, vidole vyake vikalowa. Alivifuta kwenye shati lake, akarudi kukaa.

"Kesho usimame tena hapo," akasema. "Labda utakuwepo."