Jicho la Mchora Hina

Mchora hina wa Mji wa Kale, vidole vyeusi tititi kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, hajapata kukosea rangi. Udaktari nao alipewa bure pamoja na ulimi. Mjukuu wake Jannat alipotokwa na madoa ya zambarau miguuni, bibi aliyabonyeza, yakakataa kufifia, akahukumu: “Piko mbovu ya yule jirani aliyemchora juzi!” Hospitalini daktari akamweleza kwamba kinga ya mwili wa mtoto imeigeukia mishipa midogo ya damu na huenda ikadhuru figo, autazame mkojo wake kila asubuhi usije ukaingia damu. “Kumbe miaka yote hiyo kasomea mikojo!” akabetua midomo. Lakini kila kukicha aliinua kichupa dirishani, jicho moja kalifumba, kama apimaye hina mpya. Jumatano mkojo ukawa rangi ya chai ya mkandaa, nyekundu iliyokolea. Alifika hospitali pekupeku. “Daktari, niambie nimekosea.”