Ndege Niliowafuta Kwenye Kaye

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla hamjatafuta wa kumlaumu. Ndege walikuwa na njaa tu. Mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru. Nilikuwa moniteri wa kilimo, mwelekezi wa wakulima, kwenye bonde la Ruzizi, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi, najiona mtu. Agronomu Mzungu, bwana shamba mkubwa wangu wa kazi, alifunga virago akarudi kwao, akaniachia kaye, daftari la kuandikia, na mbegu mpya ya mpunga. Kazi yangu ilikuwa kuilinganisha na ile ya zamani, vishamba kumi vya hii na kumi vya ile. Aliniambia niandike yote nitakayoyaona, hata nisiyoyapenda. Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Shida ni kwamba nilikuwa nampenda Feza wa Bwegera. Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba zuri la mpunga, mwanamke asiyependa maneno mengi. Mimi nilikuwa nayo. Kabla hata sijavuna nilikwisha kumwambia, "Mama mukwe, hii mpunga mupya iko ya hakika."

Ukisha kusema hakika, ndugu yangu, huwezi tena kupima vizuri.

Mpunga mpya uliiva mapema, nikafurahi kweli. Lakini katika vishamba vyake vinne ndege walibakiza majani matupu. Nikijumlisha vyote kumi, mbegu mpya ilishindwa. Nikajiambia, ndege si kosa la mpunga. Nikachukua rula, nikavifuta vile vinne.

Hata hivyo ushindi ulikuwa mdogo, wa kuaibisha. Nikapima urefu, haikusaidia. Nikapima uzito, nikahesabu mashina, wapi! Mwishoni nikahesabu punje katika kila suke, na hapo mbegu mpya iling'aa. Nilipima mara nyingi nikaandika mara moja. Wala sikuona kwamba nadanganya, niliona nina bidii.

Mama yake Feza alinisadiki. Akapanda mbegu mpya shamba lote. Mara uasi ukafika kwetu, na wapiganaji wake walionyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, barabara ya Sange ikafungwa, na shamba lile likawa ndicho chakula cha nyumba yao.

Likaiva kabla ya mashamba yote ya jirani. Sasa fikiria ndege wa bonde zima, na meza iliyoandaliwa ni moja tu! Ndipo nilipoelewa. Ndege hawakuja kwa bahati mbaya. Walikuja kwa sababu mpunga ule uliiva mapema. Nilichokifuta ndicho nilichotumwa kukitafuta.

Mama aliniita, akanionyesha wingu la ndege juu ya shamba lake.

"Moniteri, hii mambo ulionaka mu bishamba byako?"

"Nilionaka, mama."

"Na ukaandika?"

"Nilifutaka."

Akaokota debe tupu, akanipa. "Weye uko sawa na bale banasema dawa ya maji inazuia risasi. Banauliza tu benye balirudi bazima ku vita. Sasa panda pale juu, ufukuze ndege."

Kwetu mkwe hainui sauti mbele ya mama mkwe wake. Akimwona anainamisha kichwa na kusema polepole. Mimi nilisimama juu ya kichuguu katikati ya shamba, tangu alfajiri hadi jua kuzama, nikipiga debe, nikiruka na kupiga kelele kama mwehu, siku baada ya siku, naye amekaa ukingoni anasuka mkeka na kunitazama. Feza aliniletea ubwari, ugali wetu, akaniona nikiruka, akacheka hadi akakaa chini. Niliona aibu mpaka ikaisha, nami nikaanza kucheka.

Tuliokoa nusu. Nusu nyingine mpaka leo inaniuma, maana walikula muhogo mtupu miezi mingi, na mama hakunilalamikia hata mara moja. Harusi ikasogezwa hadi mavuno mengine. Sauti yangu haikurudi sawasawa, na kwaya niliyokuwa naimba kanisani iliniomba kwa upole nikae na wasikilizaji.

Siku ya kumchukua Feza, mama aliniuliza mbele ya ukoo wote, "Utamutunza mutoto wangu?"

Neno hakika lilifika mdomoni. Nikalimeza.

"Nazani ndiyo, mama. Nitajikaza. Na kama kitu kinaharibika, nitakuambia weye wa kwanza."

Wajomba walinong'ona. Yeye akacheka, akanipa mkono wa binti yake.

Basi wewe unayepima kitu, kiwe mpunga, dawa au samaki, andika na ndege pia. Usipowahesabu kwenye kaye, utakwenda kuwahesabu shambani kwa mama mkwe wako, kwa sauti kubwa.